Mashine ya boti haipandi, haishuki au haikai juu: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu ya tilti na trimu

Siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita tatu. Boti iliyokuwa inaelea alfajiri pale Kunduchi au Msasani, saa tano asubuhi imekaa mchangani. Kama mashine haikuinuliwa, fini yake (pezi la chini kabisa ya mashine) ndiyo inayobeba tezi yote, yaani upande wa nyuma wa boti, na wimbi la kwanza la maji yanayojaa linaigonga chini mpaka breketi ipasuke. Ndiyo maana tilti iliyokufa, yaani mfumo wa kuinua mashine, si usumbufu mdogo wa kuvumiliwa mpaka mwisho wa msimu.

Mwongozo huu ni wa mashine za zamani, kuanzia HP 40 hadi 200, zenye tilti ya haidroliki inayoendeshwa na mota ya umeme. Yamaha Enduro nyingi ndogo zinazotumiwa na wavuvi hazina mfumo huu. Zinainuliwa kwa mkono. Nyingi zilizotoka kwenye boti za abiria, za uzamiaji na za matembezi zinao, na zinapouzwa mtumba ndicho kitu cha kwanza kinachokuwa kibovu.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni kukimbilia kufungua jeki, yaani silinda za haidroliki zinazoinua mashine. Jeki iliyofunguliwa ufukweni bila sababu hurudishwa na mchanga ndani, na kuanzia hapo ugonjwa unakuwa wa kweli. Hitilafu nyingi ziko nje ya jeki: betri, kiungo cha waya, rilei (swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), oili iliyopungua, skrubu isiyokazwa. Kwa hiyo jeki iguswe mwisho.

Kilichomo ndani

Trimu ni kubadili pembe ya mashine kwa nyuzi chache boti ikiwa kwenye mwendo. Tilti ni kuinua mashine nzima itoke majini. Kazi zote mbili hufanywa na mota moja ya volti 12 inayozunguka pande zote mbili. Mota inazungusha pampu ndogo ya gia kupitia kipande kifupi cha koplingi. Ikizunguka upande mmoja, oili inaingia chini ya pistoni na mashine inapanda. Ikigeuka, oili inaingia juu ya pistoni na mashine inavutwa chini. Kati ya pampu na jeki zimo valvu za kuzuia oili isirudi, na valvu za kupunguza shinikizo jeki ikifika mwisho.

Mashine kubwa za zamani huwa na jeki tatu. Mbili fupi za pembeni ni za trimu. Hizi husukuma tu, hazikufungwa kwenye mashine. Ndefu ya katikati ni ya tilti, imefungwa kwa pini juu na chini. Kwenye mashine ndogo na za katikati, jeki moja hufanya yote. Tofauti hiyo itakusaidia sana baadaye kujua ni sili ipi (raba ya kuzuia oili isivuje) imekufa, basi itazame kabla hujaanza kazi.

Usalama

Mashine ya HP 75 ina zaidi ya kilo 100. Ikianguka wakati mkono uko kati ya breketi na jeki, mkono huo haurudi kama ulivyokuwa. Kila unapofanya kazi mashine ikiwa juu, weka kishikio chake cha kufungia, kisha ongeza gogo la mbao kati ya breketi na mashine, au kamba nene iliyofungwa mahali pasipoteleza. Kishikio peke yake kimewekwa kwa ajili ya kuegesha, hakikutengenezwa kwa fundi anayegonga pini kwa nyundo.

Usifungue kizibo cha oili mashine ikiwa chini. Jeki zikiwa zimeingia ndani, oili inaweza kuruka kwa nguvu hadi machoni. Na kabla ya kuchezea nyaya, ondoa tangi la petroli na uache kofia ya mashine wazi dakika kadhaa ili mvuke utoke.

Sikiliza kwanza

Mmoja abonyeze kitufe cha kupanda, mwingine aweke sikio karibu na mashine. Sekunde tano za kusikiliza zitakuokolea siku nzima.

- Kimya kabisa, hata mlio wa rilei hakuna: tafuta fyuzi, swichi, au waya mwembamba unaopeleka ishara kwenye rilei.
- Rilei inalia "tak" lakini mota haizunguki: pointi za rilei zimeungua, waya mnene umeoza, au mota imekufa.
- Mota inaunguruma kwa uzito na kwa taabu: betri dhaifu, kutu kwenye viungo, au jeki na bushi zimekwama.
- Mota inazunguka kwa kasi na sauti nyembamba, mashine haisogei: oili hakuna, skrubu ya mkono (inayofungua njia ya oili ili mashine iinuliwe bila umeme) iko wazi, au koplingi imekatika.
- Mashine inapanda kwa kurukaruka: hewa imeingia.
- Inapanda vizuri kisha inashuka yenyewe polepole: oili inavuja kwenye sili au valvu, ndani au nje.

Fanya jaribio hilo hilo kwa kitufe cha kushuka. Halafu, kama mashine ina kitufe cha pili chini ya kofia, kijaribu nacho. Ikiwa kile cha kwenye mashine kinafanya kazi na cha kwenye mkono wa gia hakifanyi, mota na haidroliki ni nzima. Waya umekatikia ndani ya mkono wa gia, pale unapokunjwa kila mara gia inapoingizwa. Kwa nje waya huo huonekana mzima kabisa. Uvute taratibu, plastiki itanyooka kama mpira kwa sababu shaba ya ndani imeshakatika.

Umeme, hatua kwa hatua

Anza na betri. Ikiwa imejaa na imetulia, inasoma karibu volti 12.6. Chini ya 12.2 ichaji kwanza, usipime kingine chochote. Kisha angalia voltimita wakati mota ya tilti inafanya kazi. Ikiporomoka chini ya 10, betri au tereminali zake ndizo zenye shida. Fungua tereminali, zisugue mpaka zing'ae, zikaze, zipake grisi. Unga wa kijani ndani ya waya ukipanda zaidi ya sentimita chache, kata waya hadi shaba safi. Kusugua ncha tu hakutoshi.

Sasa rangi. Kwenye Yamaha, waya mwembamba wa buluu ya anga unaleta ishara ya kupanda, na wa kijani hafifu ishara ya kushuka. Nyaya mbili nene za kwenda kwenye mota ni buluu na kijani. Kwenye Mercury, ishara ya kupanda huwa buluu yenye mstari mweupe, na ya kushuka kijani yenye mstari mweupe. Johnson na Evinrude hutumia buluu kwa kupanda na kijani kwa kushuka. Lakini mashine ya miaka ishirini imeshapita mikono mingi. Fuata waya wenyewe hadi unapoishia, usiamini rangi peke yake.

Weka mita ya umeme kwenye waya wa ishara pale unapoingia kwenye rilei, mguu mwingine kwenye hasi ya betri. Bonyeza kupanda: unatakiwa kuona volti za betri. Hakuna kitu? Rudi nyuma: fyuzi, kiungo, swichi. Zipo lakini rilei hailii? Pima waya wake mweusi wa hasi kabla ya kuitupa rilei.

Ikilia, pima upotevu wa umeme. Mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye waya mnene wa buluu pale unapoungana na mota, kisha bonyeza kupanda. Mita isome kama nusu volti au chini. Ikipita volti moja, umeme unakwama njiani. Halafu fanya upande wa hasi: mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye waya mnene wa kijani, bonyeza kupanda tena. Hapa mafundi wengi husahau.

Hapo panahitaji maelezo, kwa sababu pamewagharimu watu rilei nyingi nzima. Mfumo wenye mota ya nyaya mbili una rilei mbili, au boksi moja lenye rilei mbili ndani. Zikiwa zimepumzika, zote mbili zinaunganisha nyaya za mota kwenye hasi. Ukibonyeza kupanda, rilei ya kupanda inaruka na kuleta chanya kwenye waya wa buluu. Umeme unapita kwenye mota na kurudi kwa waya wa kijani, kupitia rilei ya kushuka ambayo imepumzika. Maana yake ni kwamba mashine inaweza kukataa kupanda kwa sababu pointi za rilei ya *kushuka* zimeungua upande wa kupumzikia. Ukinunua rilei ya kupanda tu, fedha imeenda na mashine iko pale pale. Kama rilei zako ni mbili zinazofanana, zibadilishane nafasi. Hitilafu ikihama kutoka kupanda kwenda kushuka, umepata jibu bila kununua kitu.

Johnson na Evinrude za zamani zaidi zina mota ya nyaya tatu. Huko mweusi ni hasi ya kudumu, na chanya inahamia kwenye buluu au kijani. Usiugeuze ule mweusi.

Jaribio la mwisho la umeme ni kuipa mota umeme moja kwa moja. Tenganisha nyaya nene za mota kutoka kwenye rilei. Kwa kebo nene kama za kuwashia gari, peleka chanya kwenye buluu na hasi kwenye kijani; mashine ipande. Geuza, ishuke. Gusa sekunde chache tu, na unganisho la mwisho ulifanyie upande wa betri, mbali na mashine, maana litatoa cheche. Mota ikizunguka vizuri hapa, tatizo ni rilei au nyaya. Ikikataa, endelea na mota.

Rilei halisi ya mashine ni ghali, na baadhi ya watu hufunga rilei mbili za gari za pini tano. Mpangilio ni huu: 87 kwenye chanya, 87a kwenye hasi, 30 kwenye waya wa mota, na 85 na 86 kwa ishara na hasi. Inafanya kazi. Ila zile za ampia 40 huchoka haraka, kwa sababu mota hii hula makumi ya ampia kila inapoanza kubeba uzito, na hazivumilii chumvi. Zichukulie kama za kukufikisha nyumbani; za ampia 70 zilizofunikwa vizuri zisipate maji ni afadhali.

Mota

Kabla ya kuihukumu, ipe dakika kumi. Mota nyingi zina kinga ya joto ndani. Ukiichosha kwa kupandisha na kushusha mfululizo inajizima, na ikipoa inarudi.

Adui wake mkubwa ni kutu. Kopo la mota ni la chuma, liko chini ya breketi, linamwagiwa maji ya chumvi kila safari. Rangi ikivimba, ibonye kwa ncha ya bisibisi. Chuma kikiingia, maji yameshafika ndani.

Ili kuitoa, inua mashine, ifunge, fungua skrubu ya mkono kuondoa shinikizo, safisha eneo lote kwa maji baridi na brashi, likauke. Kisha fungua boliti tatu au nne za mota. Weka chombo safi chini, oili itamwagika. Iangalie koplingi inapotoka: ni kipande kidogo, ni rahisi kukidondosha majini. Kama kingo zake zimelika au kimekatika, basi ile sauti nyembamba ya mota inayozunguka bure umeipata chanzo chake.

Ndani ya mota soma uchafu. Unga mweusi uliochanganyika na oili unasema oili sili ya shafti imekufa na pampu inavuja kwenda juu. Maji ya rangi ya kutu yanasema oringi ya kopo au raba ya kupitishia waya imepasuka. Sumaku zimegundishwa kwenye kuta za kopo. Zikibanduka hukamata rota na mota haigeuki hata kwa mkono. Kaboni (brashi za mota) zikiwa zimebaki fupi kuliko nusu ya urefu wa mpya, badilisha pamoja na springi zake. Shaba ya rota isugue kwa msasa laini wa namba 600, kisha safisha mifereji kati ya vipande kwa ncha nyembamba. Usitumie msasa wa chuma, kwa sababu unga wake unapitisha umeme. Pima kati ya shaba na shafti: mita isionyeshe muungano wowote.

Mafundi wa kuwaindi starta na mota za magari maeneo ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, wanaiweza kazi hii, maana mota hii ni ndugu wa starta. Wasichokijua mara nyingi ni kwamba itakaa majini. Msisitize oringi mpya, oili sili mpya, na ukirudisha upake kopo tabaka la rangi ya epoksi, kisha grisi ya baharini juu ya boliti.

Oili, na hewa iliyoingia

Inua mashine hadi juu kabisa, ifunge. Fungua kizibo cha tangi dogo polepole. Oili inatakiwa kufika usawa wa mdomo wa tundu. Kwenye Yamaha oili ni ATF (oili ya gia za otomatiki) aina ya Dexron II; Dexron III, ambayo ndiyo iliyojaa madukani sasa, inafaa. Kwa aina nyingine soma kibandiko au kitabu cha mashine. Usiweke oili ya gia ya SAE 90, ni nzito mno. Usiweke kamwe oili ya breki: inavimbisha raba, na ndani ya wiki chache kila sili imekwisha.

Chovya kijiti kisafi uangalie rangi. Nyekundu inayopenya mwanga ni nzima. Rangi ya chai ya maziwa ni maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni mota au pampu iliyoteseka. Ukiona vumbi linalometameta, pampu inajila.

Oili yenye maji haitoki kwa kumwaga mara moja, kwa sababu nyingi iko ndani ya jeki. Vuta ya tangini kwa sindano kubwa, jaza mpya, pandisha na kushusha mara tano, vuta tena. Mara tatu hivi kwa kawaida inarudi nyekundu. Nunua lita mbili. Lakini maji yameingilia wapi? Usipobadilisha raba ya juu ya fimbo, yatarudi.

Kutoa hewa kunataka subira:

1. Fungua skrubu ya mkono kinyume na saa mpaka igote. Usiilazimishe kupita hapo.
2. Watu wawili wainue mashine kwa mikono hadi juu, weka kishikio na gogo.
3. Kaza skrubu. Subiri dakika tano oili itulie.
4. Fungua kizibo, jaza hadi mdomoni, funga.
5. Pandisha na kushusha kwa mota mara nne au tano, ukipumzisha mota kati ya kila moja.
6. Pima tena mashine ikiwa juu. Rudia mpaka kiwango kisishuke na mashine isirukeruke.

Oili ikitoka na povu, acha usiku kucha. Ukiipiga mota kwa haraka povu linazidi.

Skrubu ya mkono

Iko pembeni ya breketi, ndani ya tundu, na kichwa chake kinataka bisibisi bapa pana. Upande hutegemea mashine. Kazi yake ni kufungua njia ya oili ili uinue au ushushe mashine bila umeme. Kila nahodha anapaswa kujua ilipo kabla ya kupatwa na hitaji, maana ndiyo itakayomtoa maji yanapopwa na betri imekufa.

Skrubu ikiwa imelegea hata robo mzunguko, mota itazunguka na mashine haitapanda, au itapanda na kushuka, na ukiingiza gia ya nyuma mashine itarukia juu. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ikaze. Ikae tu, usiing'ang'anie, utakata kichwa.

Iliyogandwa na chumvi ndiyo inayotesa. Mwagia oili ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu. Noa bisibisi iingie kwenye mfereji bila kucheza, igonge kidogo kwa nyundo kutikisa kutu, kisha jaribu *kukaza* kidogo kwanza ndipo ulegeze. Usiweke moto, oringi ziko nyuma yake. Ikitoka, badilisha oringi zake zote. Oringi hizo ndogo, za bei ya soda, huchangia kiasi kikubwa cha mashine zinazoshuka zenyewe.

Inapanda lakini haikai

Kama oili iko sawa, skrubu imekazwa na oringi zake ni mpya, angalia nje kwanza. Futa fimbo na kofia za jeki ziwe kavu, pandisha mashine, subiri saa moja, pitisha karatasi nyeupe. Wekundu kwenye karatasi unaonyesha sili ya fimbo ipi inavuja.

Kukiwa hakuna tone nje, oili inapita ndani. Kwenye mashine ya jeki tatu, simamisha mashine juu kidogo tu ya pale jeki za pembeni zinapoishia. Ikishuka kutoka hapo, tuhumu jeki ya katikati, valvu zake au skrubu. Ikikaa pale lakini inalegea ndani ya eneo la trimu, tuhumu jeki za pembeni.

Mashine iliyoanza kushuka baada ya kugonga mwamba au gogo ina kisa chake. Ndani ya pistoni ya tilti kuna valvu za mshtuko, vigololi vidogo na springi. Mashine ikigongwa, vinafunguka kuiruhusu irukie juu badala ya kuvunjika. Chini yake pistoni nyingine huru inakumbuka mashine ilikuwa wapi ili irudi hapo. Punje ya mchanga au springi iliyokatika inakiacha kigololi wazi, na oili inapita bila kizuizi.

Mashine ikijiinua yenyewe kwenye mwendo wa kasi, au ikiruka unaporudi nyuma ilhali skrubu imekazwa, shida iko upande wa kushuka: valvu ya chini au pistoni hiyo hiyo.

Kufungua jeki

Fanyia mezani, sio ufukweni. Fungasha mashine kwa kamba, ondoa shinikizo, toa pini. Kofia za jeki zina matundu mawili au manne na zinataka spana ya pini. Kama huna, fundi wa kuchomea atakutengenezea ya bapa yenye pini mbili za chuma kigumu, mradi upime umbali kati ya matundu kwa kalipa. Patasi na nyundo hupasua kofia. Ikigoma, tumia joto la hewa moto, sio mwali wa gesi.

Pitisha kucha juu ya fimbo. Kucha ikikwama kwenye shimo la kutu, sili mpya haitadumu mwezi. Alama ndogo inaweza kulainishwa kwa msasa wa maji wa namba 2000. Mashimo ya kweli yanataka fimbo mpya au kupakwa kromu ngumu.

Nunua seti nzima kwa kutumia namba za mashine zilizoko kwenye bamba la breketi. Ukikosa, nenda Gerezani na oringi zako za zamani na vipimo vya *mfereji*, maana oringi iliyochoka imeshabadilika unene. Taka raba ya nitraili inayostahimili mafuta. Osha kila kitu kwa ATF safi, kausha kwa upepo, usitumie matambara yanayoacha nyuzi. Mdomo wa sili uelekee kwenye shinikizo, yaani ndani; raba ya kufuta uchafu ielekee nje. Paka oili kabla ya kuingiza, na usukume kwa vidole.

Kujaribu, na kuegesha

Kabla ya kwenda baharini bandika kipande cha utepe kwenye fimbo, pima kwa rula urefu uliotoka, acha usiku kucha. Milimita chache kwa usiku si kitu. Sentimita kadhaa, rudi kwenye valvu. Kisha majini: ingiza gia ya nyuma, ongeza moto taratibu, mtu atazame mashine isiinuke.

Grisi kwenye nipeli za bushi ya tilti kila mwezi. Bushi kavu hufanya mota nzima ionekane dhaifu. Zinki iliyo chini ya breketi isipakwe rangi. Ukiegesha boti majini mashine ikiwa juu, weka kishikio, halafu bonyeza kitufe cha kushuka mpaka fimbo za trimu ziingie ndani kabisa na mashine ikae juu ya kishikio. Fimbo zinazoachwa nje hushikwa na wadudu wa bahari wenye magamba magumu, na siku ya kuzirudisha magamba hayo ndiyo yanayozikata sili.